Daftari bila msomaji

Uhazini nilikabidhiwa ukiwa ndani ya boksi. Boksi la karatasi za kuchapia, limefungwa kamba, na humo ndani kulikuwa na madaftari manne, vitabu vya stakabadhi vilivyokwisha na visivyoanza vikiwa vimechanganyika, bahasha moja ya sarafu isiyoandikwa chochote juu yake, na muhuri wa chama uliokauka wino. Mtangulizi wangu alinipa mkono, akasema, "Hesabu zote zimo humo, ndugu yangu," akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyetua mzigo. Hati ya makabidhiano niliyotia sahihi ilisema nimepokea "nyaraka za fedha". Sarafu za kwenye bahasha hakuna aliyezihesabu. Nilizihesabu nyumbani, nikaziingiza kwenye mapato kwa jina la "fedha zilizokutwa", kifungu ambacho mwalimu yeyote wa uhasibu angenipigia msalaba mwekundu.

Chama chenyewe ni kidogo, cha wafanyabiashara, cha aina inayoota popote penye maduka yanayotazamana. Wenye maduka, mafundi, wauzaji wa jumla wawili watatu, mwenye stoo. Hatuna mwajiriwa ila katibu muhtasi wa nusu siku. Wanachama huwa kati ya 20 na 60, inategemea mwaka, na inategemea umemuuliza nani.

Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo tulivyolelewa kuamini. Sisi daftari tulikuwa nalo. Tulikuwa nayo manne! Kila mwaka mhazini alisimama kwenye mkutano mkuu, akasoma mapato, akasoma matumizi, akataja salio, watu wakapiga makofi, daftari likafungwa. Na mali iliendelea kuisha vilevile, tofauti ikiwa tu kwamba habari yake iliandikwa vizuri kwa wino wa buluu, kwenye kurasa ambazo hakuna mtu aliyerudi kuzifungua.

Nilichofanya mimi hakikuwa na ustadi wowote. Niligundisha karatasi nne kubwa zikawa moja ndefu, nikaitandika sakafuni, nikachora miaka 19 kuanzia kushoto kwenda kulia na vifungu kuanzia juu kwenda chini. Vifungu vya chama kidogo havizidi vidole vya mikono miwili: viingilio, ada, michango maalumu, ruzuku, kodi ya chumba, posho, uchapaji, nauli, makato ya benki, na yule mnyama aitwaye "mengineyo". Kisha nikaanza kunakili, mwaka kwa mwaka, kwa penseli. Ilinichukua jioni sita. Taarifa ya mwaka mmoja hukuambia kama mwaka huo mmepona. Ugonjwa ulianza lini, hiyo haisemi, na ndicho nilichokuwa nakitafuta pale sakafuni nikiwa nimepiga magoti.

Mstari wa kwanza kunishtua ulikuwa wa ada. Nisiwachanganye na fedha ya nchi hii au ile. Tuseme ada yetu ya mwaka ilikuwa 100. Ilikuwa 100 daftari la pili lilipofunguliwa, na ilikuwa 100 siku niliyoshika kalamu mimi. Miaka 12 haijaguswa. Chini yake, kwenye karatasi ileile, mstari wa kodi ya chumba ulikuwa unapanda ngazi bila kupumzika, na wa uchapaji unaufuata. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, basi miaka 12 inatosha kuifanya 100 inunue kile kilichokuwa kinanunuliwa na 50. Kuna njia ya mkato isiyohitaji kikokotoo: gawa 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata, kwa kukadiria, miaka ya fedha kupoteza nusu ya nguvu yake. Kwa 6 ni miaka 12. Kwa 9 ni miaka 8. Bandu bandu huisha gogo, na gogo letu lilikuwa limebaki nusu.

Yaani chama kiliwapunguzia wanachama ada kwa nusu bila kikao, bila azimio, bila mtu hata mmoja kunyoosha mkono.

Nilirudi kwenye kumbukumbu za vikao kutafuta nani alilala. Hakuna aliyelala. Suala la ada lililetwa mara tatu, na mara zote tatu katibu aliandika sentensi moja ileile, kana kwamba ameinakili: "liahirishwe hadi hali ya biashara itakapotengemaa." Ninyi mlio kwenye biashara mnajua hali ya biashara hutengemaa lini. Tena sioni wa kumlaumu, maana kupandisha ada kunahitaji mtu asimame mbele ya watu na jina lake, wakati kuiacha ilivyo hakuhitaji mtu yeyote. Hakuna mwenyekiti aliyewahi kunyimwa kura kwa sababu ada haikupanda.

Hapo nikafanya kosa langu la kwanza la uhazini. Nikaenda kwenye mkutano na hesabu zangu, nimejiamini kama wakili, nikapendekeza ada iwe 200 ili turudi pale tulipokuwa. Kihesabu nilikuwa sahihi kabisa. Mkutano ulicheka kwanza, kisha ukakasirika, na mwaka ule waliolipa walipungua hata kabla ada haijabadilishwa, kwa uvumi tu wa kwamba itabadilishwa. Mtu aliyezoeshwa miaka 12 kwamba kitu ni 100 hasikii habari ya mfumuko. Anasikia kwamba mhazini mpya ana shida zake. Mwaka uliofuata tukapitisha 106, halafu 112, na hakuna aliyelalamika ila mzee mmoja aliyeuliza kwa nini tunasumbua watu kutafuta chenji. Alikuwa na haki. Siku hizi tunapandisha kila baada ya miaka miwili kwa namba inayoshikika.

Mstari wa pili ulikuwa wa idadi ya wanachama. Mwaka wa kwanza nilinakili 41, mwaka wa pili 24, na pembeni nikaandika kwa penseli: "waanzilishi walikimbia?" Baada ya hapo idadi ilipanda taratibu, mpaka ikafika miaka ambayo rejista ilikuwa na majina 58. Nikachukua vitabu vya stakabadhi vya mwaka mmojawapo wa miaka hiyo, nikahesabu nakala za kaboni moja moja. Waliolipa ada kamili walikuwa 21. Kumi na wawili walilipa nusu. Waliobaki walikuwa wanachama kwa maana ya kwamba hakuna aliyewahi kuwafuta.

Kwa nini mtu alipe? Swali hili linaonekana la utovu wa adabu, lakini mhazini asiyejiuliza atabaki anawatukana watu. Miaka michache kabla yangu chama kilihangaikia taa za barabarani. Barua, vikao, safari za ofisini, mpaka taa zikawaka na maduka yakaanza kuchelewa kufunga kwa muda wa saa mbili kuliko zamani. Ni kazi kubwa zaidi chama kimewahi kufanya. Lakini taa haiulizi stakabadhi. Ilimulika mlango wa aliyelipa, ikamulika mlango wa asiyelipa, na ikammulika vizuri zaidi jamaa mmoja wa pembeni ambaye hajawahi kukanyaga kikao. Mchumi wa Marekani, Mancur Olson, alilieleza jambo hili mwaka 1965: faida ikiwa ya wote, kila mmoja ana sababu ya kungoja mwenzake aigharamie, hata kama wote wanaitaka. Akaongeza jingine lililonigusa zaidi, kwamba kwenye kikundi kidogo yule mwenye maslahi makubwa huishia kubeba mzigo unaozidi fungu lake, na wadogo wakampanda mgongoni.

Nikaenda kutazama kifungu cha michango maalumu. Kweli. Muuzaji mmoja wa jumla, jina lilelile kwenye stakabadhi baada ya stakabadhi, miaka mingine akitoa karibu theluthi ya mapato yote ya chama. Tulikuwa tunajiita chama cha watu 58, kumbe tulikuwa duka moja lenye marafiki. Mwaka aliohamisha biashara yake mstari ule ulikatika ghafla kama uzi, na kwenye kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwaka ule hakuna hata neno moja kuhusu jambo hilo. Mhazini alisema mapato "yameshuka kidogo kutokana na changamoto".

Wengine duniani wamelitatua hili kwa kuondoa hiari. Mwaka 1970 wafanyabiashara wa mtaa wa Bloor West Village, mjini Toronto, Kanada, waliokuwa wanaona wateja wanapotelea kwenye maduka makubwa ya pembezoni, walikubaliana na mji wao kwamba kila biashara iliyo ndani ya mipaka ya mtaa itozwe mchango, mji uukusanye pamoja na kodi, kisha uukabidhi kwa chama chao. Mpango huo umeigwa katika nchi nyingi tangu hapo. Ujerumani nayo, uanachama katika chemba za biashara na viwanda ni wa lazima kwa mujibu wa sheria, wakati Uingereza ni hiari ya mtu. Nawaonea wivu Wajerumani, ila si sana, na sababu nitaifikia.

Sisi tulio kwenye hiari tuna malimbikizo. Hapa ndipo nilipokaa siku nyingi kuliko kwingine kote.

Mmoja wa watangulizi wangu, mtu makini mwenye mwandiko wa kuvutia, alisoma mahali fulani kwamba ada isiyolipwa ni deni, na deni ni mali. Si uongo, wahasibu hurekodi mapato pale yanapostahili kupokewa, hata fedha ikiwa haijaingia. Basi akafungua ukurasa wa "wadaiwa", na kila mwaka asiyelipa akaongezewa 100 kwenye safu yake. Kwenye mizania, ile karatasi ya mali na madeni, chama kikaanza kunenepa. Mwaka mmoja mali za chama zilikuwa zimezidi zile za mwaka uliotangulia kwa kiasi kizuri, makofi yalipigwa, na wakati huohuo benki ilikuwa na fedha isiyotosha kodi ya miezi miwili.

Nilichukua orodha ile nikatembea nayo. Duka la kwanza lilikuwa limegeuka kuwa la mtu mwingine, ambaye alidhani nimekuja kununua. La pili lilifungwa miaka minne nyuma. Wa tatu alinikaribisha vizuri, akasikiliza deni lake mpaka mwisho, akaniuliza chama bado kipo. Wa tano au wa sita, mtoto wake ndiye aliyekuwa kaunta. Nikamtajia jina lililo kwenye karatasi. Akaniambia baba amefariki, mwaka wa tatu huu. Nilikuwa nimeshika kalamu. Kwenye daftari letu marehemu alikuwa ameendelea kukopeshwa uanachama, 100 kila mwaka, na deni lake lilikuwa sehemu ya utajiri wetu. Nilimpa pole, nikaikunja karatasi, na siku ile sikuendelea na safari.

Mkutano uliofuata nilileta azimio la kufuta. Nilidhani watafurahi, kumbe kufuta deni kuna maumivu yake: waliolipa miaka yote walijiona wajinga. "Kwa hiyo mimi niliyelipa nimepata nini?" aliuliza fundi mmoja, na lilikuwa swali halali kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale. Tukakubaliana mambo kwa unyenyekevu wa watu waliochelewa: anayezidisha miezi mitatu anapelekewa ujumbe, akizidisha sita anatembelewa na wajumbe wawili, ukipita mwaka anasimamishwa kupiga kura, ukipita wa pili jina linatoka kwenye rejista na deni linaondoka nalo. Baadaye nilisoma habari za Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Alichunguza wavuvi, wachungaji na watu wa mifereji ya kumwagilia waliofanikiwa kutunza mali ya pamoja kwa vizazi, akakuta kwamba adhabu zao huanza ndogo na kukua hatua kwa hatua, na wanaozisimamia ni wao wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Sisi tulifika huko kwa kuona aibu.

Idadi yetu ikashuka kutoka 58 mpaka 29. Kwenye ile karatasi yangu ndefu inaonekana kama maafa. Fedha iliyoingia mwaka ule ilizidi ya mwaka uliotangulia.

Niwapeleke sasa kwenye usiku mmoja wa mwezi wa kwanza, maana kuna watu hudhani kazi ya mhazini ni kushika fedha, na kumbe sehemu kubwa ni kukodolea macho namba mbili zinazokataa kufanana. Kushoto nina taarifa ya benki, kulia daftari la fedha, katikati penseli nyekundu. Nimeshaondoa hundi ambazo hazijafika benki, nimeshaingiza makato. Daftari linasema 6,420. Benki inasema 6,150. Tofauti ni 270.

Kishawishi cha kwanza ni kuiandika kwenye mengineyo na kwenda kulala. Na wapo waliofanya hivyo, ushahidi ninao. Kishawishi cha pili ni kumshuku mtu. Nilishaanza kumfikiria katibu muhtasi, mama wa watu, nikikumbuka siku alizochelewa kupeleka fedha benki.

Ujanja niliofundishwa na mhasibu mstaafu ni huu. Kwanza igawe tofauti kwa 2: ni 135. Tafuta 135 popote, kwani huenda kiasi hicho kimeandikwa upande usio wake, mapato yakawa matumizi, na kosa la namna hiyo huzaa tofauti maradufu. Nilitafuta, haikuwepo. Pili, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu amepindua tarakimu mbili zilizo jirani, maana kupindua tarakimu siku zote huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. 270 kwa 9 ni 30. Hiyo sufuri inamaanisha zilizopinduka ni za mamia na makumi, na hiyo 3 inamaanisha zinapishana kwa 3. Kwa hiyo sitafuti tena fedha iliyopotea. Natafuta namba yenye 4 na 1, au 5 na 2, au 8 na 5 na ndugu zake. Ilikuwa ukurasa wa pili, mstari wa saba kutoka chini: 850. Kwenye stakabadhi ya benki: 580. Mwandiko ulikuwa wangu.

Mtawa na mwanahisabati wa Italia, Luca Pacioli, ndiye aliyechapisha mjini Venice, mwaka 1494, maelezo ya namna wafanyabiashara wa huko walivyokuwa wakiandika kila jambo mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea. Hakuibuni yeye, aliikuta inatumika. Ninachokipenda katika mtindo ule ni adabu yake kwa binadamu: unachukulia tangu mwanzo kwamba mtu atakosea, ukamwekea pa kugongea mwamba. Daftari la safu moja halina pa kugongea. Madaftari yetu mawili ya mwanzo ni ya safu moja.

Kuhusu mwaka wa ruzuku nitasema kwa ufupi kwa sababu bado unaniudhi. Tulipata ufadhili wa kuendesha mafunzo, kiasi kilichozidi mapato ya miaka mitatu ya kawaida, na ndani ya miezi 14 tulikuwa na ofisi kubwa zaidi, kodi kubwa zaidi, posho za vikao zilizopanda, na mashine ya kudurufu. Fedha ya ruzuku huisha kwa tarehe, kodi haiishi. Ukitazama ile karatasi, matumizi yanapanda pamoja na ruzuku lakini hayashuki nayo, na ilituchukua miaka mitano kurudi kwenye chumba kidogo. Mashine ya kudurufu iko kwenye mizania mpaka leo kwa bei iliyonunuliwa nayo, kwani hakuna aliyekumbuka kuandika uchakavu. Ipo stoo, kwa mwenye stoo.

Na upande wa pili, kuna fedha inayokaa tu. Tulipoanza kupumua, baadhi ya wajumbe walitaka kila senti iwekwe akiba, isiguswe. Watu wengi wa vyama visivyo vya faida husema akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita inatosha, na mimi niko upande huo. Hapa ndipo wivu wangu kwa Wajerumani unapopungua. Januari 2020 mahakama yao ya juu kabisa ya masuala ya utawala iliamua kwamba chemba mbili zilikuwa zimejilimbikizia akiba bila haki ya kisheria, na kwamba ada walizotozwa wanachama waliofungua kesi hazikuwa halali. Niliposoma hilo nilicheka. Sisi tunatafuta kodi ya mwezi, wenzetu wanashtakiwa kwa kushiba. Lakini hoja ya walioshtaki naielewa: ukinichukulia changu, uniambie cha nini. Chama chenye akiba kubwa isiyo na jina huvutia watu wenye majina mengi ya kuipa.

Jambo moja nimelizunguka tangu mwanzo. Kwenye daftari la tatu kuna miezi minane ambayo fedha zilizopokelewa na fedha zilizopelekwa benki hazilingani kwa tarehe. Kwa jumla zinalingana. Kilichopokelewa tarehe 3 kinafika benki tarehe 29. Kilichopokelewa mwezi wa pili kinafika wa tatu, na mara zote kiasi ni kamili. Mtu aliyewahi kukaa na fedha ya watu anaelewa anachokiona hapo. Fedha ilikuwa inaazimwa na kurudishwa, inaazimwa na kurudishwa, na aliyekuwa anairudisha alikuwa anahangaika sana kuirudisha.

Sikumwambia mtu. Aliyeshika daftari lile aliondoka zamani, hakubaki na hata senti yetu, na nina hakika alipitia usiku mbaya kuliko wangu wa 270. Mwaka 1953 Donald Cressey, mtaalamu wa elimu ya uhalifu wa Marekani, alitoa matokeo ya mazungumzo yake na wafungwa waliokuwa wamekula fedha walizoaminiwa. Alichokuta ni kwamba mtu alikuwa na shida ya fedha asiyoweza kumwambia mtu yeyote, akaona mwanya, na akajisadikisha kwamba anaazima tu. Neno "kuazima" lilikuwa ndani ya vichwa vyao kama lilivyokuwa, nadhani, ndani ya kichwa cha mtu yule.

Kwa hiyo tulibadilisha kazi, hatukubadilisha watu. Anayepokea fedha si anayeandika daftari. Anayeandika si anayetia sahihi hundi, na sahihi ni mbili. Taarifa ya benki inafika kwa mwenyekiti kwanza ikiwa bado haijafunguliwa. Mmoja wa wajumbe alinung'unika kwamba tunaoneshana kutoaminiana. Nikamjibu kwamba mimi ndiye ninayelindwa, kwani siku fedha ikipungua nitakuwa na namna ya kuonesha kwamba sikuwa peke yangu nayo chumbani. Alitulia, ingawa sidhani kama alikubali.

Mengineyo tumeyafuta. Kila kitu kina jina, hata "sarafu za bahasha". Mwaka wa kwanza baada ya kuyafuta, nauli iliongezeka ghafla. Ndiyo alikokuwa amejificha mnyama.

Mwezi uliopita tulifanya mkutano mkuu, na badala ya kusoma taarifa niliibandika ile karatasi ndefu ukutani, miaka yote kwa pamoja, nikaeleza kwa fimbo. Watu walisogea wenyewe. Walikuwa wanatafuta miaka yao: mwaka aliofungua duka, mwaka wa moto, mwaka aliogombana na mwenyekiti. Yule fundi aliyeuliza amepata nini alisimama muda mrefu mbele ya mstari wa ada. Nikaanzia kushoto kabisa, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti kwamba chama kilianza na watu 41, na ndani ya mwaka mmoja 17 wakakimbia, na kwamba tangu siku ya kwanza tatizo letu limekuwa kushindwa kuwashika watu. Niliijenga nusu ya hotuba yangu juu ya hao 17.

Mama mmoja alinyanyua mkono. Ni mhazini wetu wa kwanza kabisa, ameacha biashara siku nyingi, huja mikutanoni kwa heshima tu. Alitembea hadi ukutani, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye safu ya kwanza.

"Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye ukurasa wako, mama. Daftari la kwanza."

"Sisi tulikuwa 14. Hatukuwahi kuwa 41. Tungekaa wapi?" Akaanza kuwataja kwa majina, akikunja vidole, na waliokuwepo enzi zile wakawa wanamsaidia pale alipokwama. Walipofika wa 14 akageuka. "Na hao unaosema walikimbia, mwanangu, walikimbilia wapi?"

Ukumbi uliangua kicheko. Nilibaki na fimbo mkononi, nikipiga hesabu kimoyomoyo: 41 toa 14 ni 27, gawa kwa 9 ni 3.